Makopo Yasiyo na Jina

Sokomuhogo, Mjini
Alkhamisi, 1 Februari 2024

Bi Yusra,

Assalam aleikum, na shikamoo. Anayekuandikia ni Nassra, mke mdogo wa marehemu Machano. Nimekuona mara moja tu, kwenye harusi ya Wakil, jamaa yake Machano, ukanikatia halua bila ya kunitazama usoni. Sikukulaumu. Mie ningekuwa wewe, hata hiyo halua nisingekata.

Ningepiga simu, lakini naambiwa simu yako anashika wifi Wanu tangu uingie eda, na ninayotaka kusema si ya kupita kwa wifi. Barua anakuletea Bi Mkubwa wa mayai, anayekuja mjini kila Alkhamisi na trei zake. Hajui kusoma. Nimeikunja ndani ya kiatu cha mwanao Sumaiya. Viatu hivyo alimnunulia baba yake mwenyewe. Alikuwa avilete Ijumaa, na Alkhamisi akaanguka kutoka kwenye jukwaa akipiga chokaa. Nilivikuta kwenye mfuko wake wa safari ya kwako.

Nimeianza barua hii mara tatu. Ridhwan anaota meno, akilala hata kalamu naishika kwa woga. Basi nitasema moja kwa moja.

Nilipokuwa na mimba yake nilipimwa kliniki, nikakutwa na virusi vya UKIMWI. Machano naye akapimwa, akakutwa navyo. Alilia mbele ya nesi kama mtoto. Tangu hapo tulikuwa tunameza dawa pamoja, saa mbili usiku. Nilimsihi akwambie. Kila Ijumaa akitoka namwambia, "Leo mwambie," naye hunijibu, "Nitamwambia, Nassra, lakini si leo."

Sasa hawezi tena. Nenda ukapimwe, Bi Yusra, wewe na Sumaiya. Usingoje eda. Mie nilimuuliza ustadhi kupitia kwa mama, kasema kutoka kwa ajili ya matibabu hakuvunji eda, ukitoka mchana ukarudi kulala kwako. Nami nimetoka, nimekwenda, nimerudi.

Usiogope kwamba nitamvunjia heshima. Dawa zake nilizikuta kwenye mfuko uleule, makopo yamebanduliwa karatasi za jina kama desturi yetu, yamejazwa pamba yasilie njiani. Kabla watu hawajaja kuchukua nguo zake za sadaka, nilivimimina vidonge chooni, kimoja kimoja, nikamwagia maji. Hakuna aliyeona.

Mdogo wako,
Nassra


Mkokotoni
8 Februari

Nassra,

Marahaba. Viatu vimefika na barua imefika. Sumaiya anavivaa humuhumu ndani, anavivua, anavifuta, anavivaa tena.

Nimesoma maneno yako nikayachoma moto. Usiyaandike tena. Mwanamume hajamaliza hata siku arubaini kaburini, na wewe unamhesabia maradhi. Mie mzima. Nasuka ukili wa mikeka tangu alfajiri, wifi Wanu anasema nimenenepa. Nimeishi na Machano miaka kumi na moja. Kama kungekuwa na kitu, si ningekuwa nimekwisha zamani? Nyinyi watoto wa mjini mnapenda kupimwapimwa, hata mafua mnayatolea damu.

Eda yangu naikalia mpaka mwisho, tarehe kumi na moja Mei panapo majaaliwa. Huku si mjini. Huku mtu akitoka nje yuko edani, kabla hajafika barabarani khabari yake imeshavuka mpaka Tumbatu.

Jambo moja. Hayo makopo uliyomwaga, yalikuwa mangapi? Nauliza tu.

Yusra Kheir


Sokomuhogo
15 Februari

Bi Yusra,

Yalikuwa matatu. Moja limefunguliwa, limebaki nusu, na mawili hayajafunguliwa kabisa. Mie mwenyewe nilishangaa, maana nilidhani anapewa kama ninavyopewa. Labda walimzidishia kwa sababu ya safari. Hakuwa mgonjwa sana, kama hilo ndilo linalokusumbua.

Sasa hilo la kuwa mzima. Nami nilimjibu nesi Maryam wa kliniki hivyohivyo. Nilimwambia, mbona nabeba ndoo mbili mpaka ghorofa ya tatu? Akanambia, "Unabeba, na mwili wako nao unabeba usichokiona."

Kisha walikuja watafiti kliniki wakaomba watu wajitolee, nikakubali kwa kutaka kujua. Walitunywesha maji yaliyotiwa alama. Maji tu, hayana rangi wala ladha. Zile chembe za damu zinazolinda mwili, zinazozaliwa siku hizo zinabaki na ile alama, kama nguo mpya iliyotiwa uzi mwekundu kwenye pindo. Wakawa wanatutoa damu mara kwa mara, wanaangalia zenye alama ni ngapi na zinapotea baada ya siku ngapi. Wengine walikuwa wamejua juzijuzi, bado hawajaanza dawa. Wengine kama mie, tunameza mwezi wa nane.

Walipomaliza walituita wakatueleza. Za wale ambao hawajaanza zinazaliwa nyingi mno na zinakufa haraka mno. Wala si zile tu zilizoingiliwa na kirusi. Hata zisizoguswa zinakurupushwa na vurugu iliyomo mwilini, zinajigawa, zinakufa kabla ya siku zao. Zetu sisi zilishaanza kutulia, zinaishi.

Mie nilielewa kwa nepi. Nina nepi kumi na mbili. Nafua, naanika, Ridhwan anachafua, nafua tena. Mtu akipita barazani akiona kamba imejaa nepi nyeupe husema, mashaallah, nyumba hii imetulia. Hanioni mikono. Ndivyo mtu anavyoonekana mzima miaka mitano, sita, kumi. Mwili unafua. Siku mikono ikikataa, watu wanasema kaugua ghafla. Si ghafla, Bi Yusra. Ni uchovu wa miaka.

Kwa hiyo unene wako usinionyeshe. Nenda ukapimwe.

Nassra


Mkokotoni
29 Februari

Nassra,

Nepi zako zimenichekesha, nikacheka peke yangu mpaka wifi Wanu akaja kuchungulia. Akaniuliza, "Mwenye eda anacheka na nani?" Nikamwambia nimemkumbuka marehemu alivyokuwa akikoroma. Akasema, "Hilo la kuliliwa, si la kuchekewa."

Mie nimeelewa kwa ukili. Unakaa unasuka, na mtu yuko upande wa pili anafumua. Ukisuka mbio, ukili hauonekani kupungua. Lakini vidole ni vyako wewe, na yeye anayefumua hachoki.

Nimeanza mkeka mdogo, wa Ridhwan. Wa kulalia mchana. Usiniulize kwa nini.

Na ile halua ya harusini nilikukatia ya ukingoni, iliyokauka. Makusudi. Nisamehe.

Nina jirani, usiniulize jina maana sitokutajia. Yeye ana hayo maradhi. Alianza dawa akiwa hali mbaya sana, kabebwa kwenye kitanda, akapona akawa mtu. Sasa dawa zimemkatikia, na mwenye kumchukulia hayupo. Anataka kujua, hizo chembe zilizokwisha tulia, dawa ikisimama zinaanza tena kufa? Au zikishazoea kuishi zinaendelea? Muulizie nesi wako, lakini usiseme ni Mkokotoni.

Yusra


Sokomuhogo
7 Machi

Dada Yusra,

Niruhusu nikwite hivyo. Nilijua ile halua ni ya ukingoni! Ilikuwa inatafunika kama kandambili. Nimekusamehe, na mkeka nausubiri kwa mikono miwili.

Nimemuuliza nesi Maryam. Kasema hivi, mwambie jirani yako neno kwa neno. Kirusi hakifi, dawa inakifungia tu ndani. Dawa ikisimama, baada ya wiki chache kinatoka, na chembe zinarudi kufa kwa kasi ileile. Hazina mazoea. Na aliyeanza dawa akiwa hali mbaya ndiye wa kuogopewa zaidi, maana alichokijenga ni kidogo, mwili wake hauna pa kukopa. Asingoje mpaka aumwe. Aende kesho. Kituo chochote watampa, hata kama hana karatasi. Kama anaona haya kwa watu wa huko, aje kwangu, nitamshika mkono nimpeleke mwenyewe na sitomuuliza lolote.

Mwambie asijione mjinga. Kukatikiwa si kuacha.

Ana bahati, huyo jirani, kuwa na wewe wa kumsemea. Na wewe je? Mara hii nijibu.

Mdogo wako,
Nassra


Mkokotoni
4 Aprili, Ramadhani mwezi ishirini na tano

Nassra mdogo wangu,

Barua hii naiandika kidogo kidogo, siku ya sita leo. Kichwa kinauma nyuma, kinashuka mpaka shingoni, na mwanga wa dirishani siutaki. Mistari ikipanda na kushuka usishangae.

Sina jirani. Jirani ni mie.

Nilijua miaka mitano iliyopita, Sumaiya ana miaka miwili. Nilikuwa nimekwisha, nguo zinaniambia nizivue. Machano akanipeleka mjini ili watu wa huku wasijue. Sumaiya alipimwa akatoka salama, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo dawa zangu alikuwa anachukua yeye, kliniki nyengine, si hiyo yako. Anabandua karatasi, anatia pamba, ananiletea Ijumaa. Yeye mwenyewe alikataa kumeza. Alikuwa ananionyesha mikono yake, anasema, "Mwenye maradhi anapanda jukwaa la ghorofa nne?" Alianza siku ulipopimwa wewe. Kwa hiyo siku aliyolia mbele ya nesi, hakulia kwa khabari. Alilia kwa aibu.

Na mie nina yangu. Aliponambia anaoa mjini, ningeweza kukuletea neno. Neno moja, kwa Bi Mkubwa huyuhuyu. Sikuleta. Nilikuwa na hasira na wewe na sikujui hata sura. Nilisema moyoni, na apate. Nassra, nilisema hivyo. Kisha nikakuona harusini kwa Wakil, mtoto mdogo, una hina mpaka kwenye viwiko, na halua nikakukatia ya ukingoni kwa sababu nilishindwa kukutazama.

Yale makopo mawili yaliyofungwa yalikuwa yangu.

Siku alipokufa nilikuwa nimebakiwa na vidonge vitano. Nikavigawa nusu nusu. Nikajiambia, mfuko wa Ijumaa utakuja, hata bila yeye utakuja. Bi Mkubwa alipoleta viatu, Sumaiya anarukaruka, mie natia mkono mpaka kwenye ncha ya kiatu. Nikakuta barua yako.

Usijiue kwa hilo. Kopo halikuwa na jina. Jina tulilibandua sisi.

Nilitaka nimalize eda kwanza, ndiyo nije. Nilihesabu siku kama mtoto anayengoja Idd. Niliona nikitoka sasa wataniuliza unakwenda wapi, na nikijibu nitakuwa nimemfukua mume wangu mbele ya kijiji. Naona haya kukuomba wewe kuliko mtu yeyote duniani. Nakuomba. Niletee dawa.

Na nikitangulia, usinifiche. Nimefichwa vya kutosha.

Yusra


Sokomuhogo
18 Aprili, saa nne asubuhi

Dada Yusra,

Bi Mkubwa hakuja Alkhamisi ya wiki ya Idd. Anasema ulimpa barua yako jioni, ameshatoka mjini, ikakaa wiki mbili ndani ya kapu la mayai. Nimeisoma sasa hivi nimesimama mlangoni, yeye ananingoja na trei kichwani.

Nimekasirika. Nataka ulijue hilo. Nina maneno ya kukwambia na mengine si ya Ramadhani wala ya baada ya Ramadhani. Lakini nitakukasirikia ukishapona, nikiwa nimekaa mbele yako, na utanisikiliza mpaka nimalize. Kwa hiyo upone.

Na mie nilihesabu matatu nikanyamaza. Niliona mfuko wa kwako, viatu vya mwanao, makopo mawili yamefungwa pamoja navyo. Viatu nikavileta. Sijui niliwaza nini. Niliwaza heshima ya maiti.

Nimempigia wifi Wanu mara sita, hapokei. Bi Mkubwa anarudi sasa hivi na barua hii. Nesi Maryam nimempata, kasema usingoje dawa. Kichwa hicho na shingo hiyo ni vya hospitali, leo hii. Mwambie Wanu akupeleke. Mwambie lolote, mwambie umeanguka. Mie napita kliniki kisha nakuja nyuma yake, Ridhwan mgongoni. Najua niko edani. Nikiwahi nitarudi kulala kwangu, nisipowahi Mungu anajua nilikuwa wapi.

Usiogope mwanga. Fumba macho tu, ningoje.

Nassra


Mkokotoni
9 Mei 2024

Nassra,

Mie Wanu, dada yake Machano. Salamu zako nimezipata kwa Bi Mkubwa, wa aleikum salam.

Sina maneno mazuri, nitaandika niliyonayo. Watu wananiuliza. Wamekuona umekuja na buibui la eda na mtoto mgongoni, umempandisha gari mke mwenzio, umelala naye hospitali siku tano, hukurudi kwako hata siku moja. Siku ya sita tumemleta amefungwa sanda. Daktari kanambia utando wa ubongo. Kuna wanaosema ulimlisha kitu. Nimewafukuza barazani kwangu, lakini nimebaki na swali lao. Mtu mzima vile, mnene, anacheka peke yake edani, atakufaje kwa wiki moja?

Siku ile simu zako niliziona. Niliona jina lako nikasema, huyu wa mjini anataka urithi. Nikaiweka simu chini ya mto. Hilo najua, na nitaulizwa nalo.

Nilipokunja matandiko yake nimekuta barua zako zote. Ile ya kwanza pia, haikuchomwa. Pamoja nazo mkeka mdogo, umebaki shubiri moja haujakwisha. Mkeka nitakuletea. Barua nimezishika siku kumi na sita sijazisoma, maana hazikuandikwa kwangu. Nataka unambie wewe kwa mkono wako. Wifi yangu amekufa na nini?

Wanu


Sokomuhogo
12 Mei 2024

Wifi Wanu,

Shikamoo. Eda yangu imekwisha jana. Yake ingekwisha jana pia. Nimeoga, nimekaa barazani na kalamu, na nimemwacha Ridhwan kwa mama ili nisipate sababu ya kuinuka.

Alinambia nisimfiche, basi sitomficha. Yusra alikuwa na virusi vya UKIMWI. Machano alikuwa navyo. Mie ninavyo. Ridhwan amepimwa mara ya mwisho, hana, na Sumaiya hana. Zake alizoniandikia nakutumia pamoja na hii; zisome zote na zangu, kwa mpango wa tarehe. Utaona mahali ambapo yeye aliniumiza, na utaona mahali ambapo mie nilimimina dawa zake chooni nikidhani namsitiri mumewe. Usiruke ukurasa huo. Mie siuruki, kila siku nausoma moyoni.

Umeuliza mtu anakufaje kwa wiki moja. Hakufa kwa wiki moja. Kila siku ya miaka ile mwili wake ulikuwa unazaa na kuzika, unazaa na kuzika, na sisi tunaona unene. Dawa ilikuja ikampumzisha. Ikamkatikia akarudi kazini peke yake, katikati ya nyumba imejaa watu, anasuka.

Siku ya tatu hospitali walimpima zile chembe. Mtu mzima anazo mia tano, mia nane, hata elfu. Yeye alikuwa nazo tisa. Nilimuuliza daktari, tisa hizi ndizo zilizobaki za zamani? Akanambia hapana. Akasema za zamani zimekwisha, hizi ni changa, huenda zimezaliwa wiki hiihii. Wifi, alikuwa hasikii, hajui Sumaiya ni nani, na mwili wake ulikuwa bado unatoa. Tisa. Nilimshika mkono nikamwambia, inatosha dada, pumzika sasa. Sikuwahi kumkasirikia.

Mkeka usiutume wala usiumalize. Njoo nao wewe mwenyewe, na Sumaiya avae viatu vyake, amwone mdogo wake. Nitakupikia. Ukitaka kunigombeza nitakaa nikusikilize, na la simu nitakusikiliza pia.

Jana nilikwenda kuchukua dawa. Nimesimama pale dirishani naongea na nesi, nikatazama mkono wangu, kumbe ukucha umeshaanza kubandua karatasi ya jina, wenyewe, kwa mazoea. Pembe moja ilikuwa imeshainuka. Nikailaza kwa kidole mpaka ikashika.

Kopo nimeliweka juu ya kabati, karibu na jagi la maji, jina limetazama mlangoni. Ukiingia utalisoma.

Wifi yako,
Nassra